Kikohozi cha Marete

Thuranira alimzunguka mtamba mara tatu. Akamfinya kiuno, akampapasa kiwele, akamfungua mdomo na kumhesabu meno. Kisha akasimama, mikono nyuma, akatega sikio. Hakuwa akimsikiliza ng'ombe. Alikuwa akimsikiliza Marete, aliyeketi barazani na shuka mabegani, akikohoa kile kikohozi chake kikavu kisichotoa kitu wala kisichokwisha.

"Elfu sitini na tano," Thuranira alisema.

"Jana kwa simu ulisema sabini na tano," Karwirwa, mke wa Marete, alimkumbusha.

"Jana nilikuwa sijamuona."

Marete akakohoa tena, safari hii mfululizo, mpaka akashika nguzo ya baraza. Thuranira akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma yake ilikuwa ya kweli, ila haikumzuia kufanya kazi yake.

"Pole sana, mzee. Sitini na mbili, Mama Kathambi, na hapo nimejikaza."

Karwirwa alitamani kumwambia mumewe aende akakoholee nyuma ya migomba. Neno lilimfika mdomoni, akalimeza, na papo hapo akaona haya kwa kuliwaza. Lakini ukweli ni ukweli. Githongo nzima wafanyabiashara wa ng'ombe wanajua kwamba mwenye mgonjwa hana bei, na kila Marete alipokohoa, mtamba alipungua elfu kadhaa.

Mtamba huyo aliitwa Mwalimu. Nyanya yake alinunuliwa kwa mshahara wa kwanza wa Kathambi, binti yao aliyefundisha shule moja huko Kaaga, na uzao wote uliofuata ukarithi jina. Huyu alikuwa wa mwisho. Mama yake aliuzwa mwezi wa saba, akalipia eksirei, vipimo vya makohozi na dawa za chupa tatu ambazo hazikusaidia chochote. Sasa Mwalimu mdogo alikuwa na mimba ya kwanza, azae Desemba, na Karwirwa alikuwa amekwisha kuyanywa maziwa hayo katika mawazo.

"Haya," alisema. "Lakini umchukue Jumamosi ya wiki ijayo, si kabla."

Thuranira akatoa elfu tano za kumfunga ng'ombe asiuzwe kwingine. Karwirwa akazifunga kwenye kitambaa, akazitia kifuani, akaenda kumpelekea mumewe uji.

"Umemuuza?" Marete aliuliza.

"Nimemuuza."

"Kwa ngapi?"

"Kunywa uji, Baba Kithinji. Unapoa."

*

Kisa chote kilianza na heri, kama visa vingi vya taabu. Januari mwaka huo Kithinji, mtoto wao wa kiume, alipata kazi nzuri Nairobi, na kazi ikaja na kadi ya bima iliyowafunika hata wazazi. Kathambi akaileta mwenyewe kutoka mjini akaiweka mezani. Ilikuwa na majina yao wote wawili.

"Kuanzia leo, Baba," alisema, "hakuna mambo ya Njiru tena. Utatibiwa hospitali ya maana. Na hulipi kitu."

Njiru alikuwa tabibu wa diploma mwenye kliniki ya vyumba viwili hapo sokoni, nyuma ya duka la mbolea. Alikuwa ameitibu nyumba ya Marete kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mtu wa Kiambere, huko chini kwenye jua na bwawa la umeme, na kila mwezi wa saba aliwalaumu Wameru wote kwa baridi yao, kana kwamba waliipanda wenyewe pamoja na kahawa. Kadi ya bima haikumtambua. Basi Marete naye akaacha kumtambua, na siku za soko akawa anapitia njia ya nyuma ili wasikutane.

Kitu cha bure kina utamu wake. Marete alianza kwenda hospitali kama watu wanavyokwenda harusini. Daktari wa kwanza alimpima presha akambadilishia dawa. Februari kikohozi kilipoanza, wakaenda hospitali ya pili, maana ya kwanza foleni ilikuwa ndefu. Ya pili ikampa dawa za kifua. Ya tatu ikampima TB, hakuna. Ya nne ikasema ni pumu, ikampa kifaa cha kuvuta. Kila mahali walinunua faili jipya, wakaandika jina upya, wakatolewa damu upya. Mwezi wa tano kadi ikakataa. Msichana wa mapokezi aliipitisha kwenye mashine mara mbili, akawaambia mbele ya watu wote kwamba pesa za mwaka zimekwisha, mwenye taslimu asogee mbele na asiye na taslimu apishe wengine. Marete na mkewe wakapisha.

Daktari wa tano, huyu wa taslimu, aliitazama picha ya kifua akasema haoni kitu, na kwa sababu haoni kitu anaogopa. Alitaka skani ile kubwa ya mashine, kisha mgonjwa alazwe siku mbili, aingizwe mpira wenye kamera mapafuni, kikatwe kipande kikapimwe. Tarehe ishirini na nane. Elfu themanini na tano yote pamoja. Neno saratani hakulitamka, lakini walilisikia, na Karwirwa hakumbuki walivyofika nyumbani siku hiyo.

*

Mwalimu angetoa sitini na mbili. Zilizobaki Kathambi alisema zitafutwe kwa kadi za mchango. Alizichapisha Kaaga, kadi ishirini za rangi ya waridi, juu yake picha ya Marete akiwa na tai siku ya harusi ya binamu yake. Kathambi angegawa kumi kwa walimu wenzake, Karwirwa angegawa kumi Githongo.

Ni kazi ya kumfanya mtu mzima arudi utotoni. Karwirwa, aliyekuwa mweka hazina wa akina mama kanisani, ambaye amechangia wagonjwa wa watu tangu ujana wake, sasa alisimama milangoni na bahasha mkononi akitafuta pa kuanzia. Karani wa kiwanda cha kahawa alipokea kadi akaitumia kufunika kikombe chake cha chai. Igoki, jirani yao wa upande wa mtoni, aliandika shilingi hamsini, akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Kumbe alikuwa mzuri hivi," alisema.

"Bado yupo, Igoki."

"Ndiyo, ndiyo. Mungu ni mwema."

Igoki huyo huyo ndiye aliyekuwa ameacha kuketi benchi moja nao kanisani. Si yeye peke yake. Walihama mmoja mmoja, kwa adabu, kila mmoja na sababu yake, huyu upepo wa dirisha, yule goti. Mwishowe mzee wa kanisa alimnong'oneza Karwirwa kwamba benchi la nyuma karibu na mlango lina hewa nzuri zaidi kwa mgonjwa. Walihamia huko. Mchungaji alizoea kikohozi kama watu wanavyozoea jogoo. Akifika mahali pa kunyamaza katika maombi alingoja Marete akohoe, amalize, kisha akaendelea.

Jumatano ya soko Karwirwa alibakiwa na kadi moja. Alizunguka soko lote akijifanya hamjui wa kumpa, hata miguu yake ikasimama nyuma ya duka la mbolea. Mlango wa Njiru ulikuwa wazi. Alikuwa akila ndizi, redio imewashwa.

"Mama Kathambi," alisema bila kusimama. "Mwaka huu wote mmekuwa wazima. Nimefurahi sana."

Karwirwa alihisi uso ukimwaka. Akamnyooshea kadi. Njiru alijifuta mikono, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti kuanzia juu hadi chini, pamoja na namba ya simu ya Kathambi.

"Kwa hivyo mimi nimekuwa mtu wa kuchanga," alisema. "Kutibu mmenistaafisha."

"Daktari, nisamehe. Ni ile kadi ya bima. Watoto..."

"Mzee ana nini?"

"Anakohoa. Hatujui. Wanataka kumkata kipande cha pafu."

Njiru akazima redio. "Anakohoa na makohozi?"

"Kikavu. Hata damu hakuna. Usiku ni mbaya zaidi, hatulali."

"Kilianza lini?"

"Februari."

"Na mliacha kuja kwangu lini?"

Karwirwa alitazama sakafu. "Januari."

"Dawa ya presha walimbadilishia?"

"Walimbadilishia. Ile yako walisema ni ya zamani."

Njiru aliikunja kadi akaitia mfukoni mwa koti lake jeupe, ambalo halikuwa jeupe sana.

"Nitaandika mia tano hapa," alisema, "lakini sitoi hata senti kabla sijamuona. Niletee mzee kesho. Mlete na dawa zote anazokunywa, zote, hata za kununua dukani. Na lile daftari."

"Lile la kaki?"

"Mmelitupa?"

"Hapana. Liko juu ya kabati, chini ya kitabu cha nyimbo."

Karwirwa hakumwambia lilifikaje huko. Siku ya kwanza ya kadi alikuwa amelibeba kwenye mkoba, daftari la mazoezi la kurasa mia mbili ambamo Njiru aliandika matibabu yote ya Marete, limevikwa karatasi ya kaki, kona zimeliwa na miaka. Msichana wa mapokezi alilishika kwa vidole viwili. "Mama, hapa tuko na kompyuta," alisema, akacheka na mwenzake. Tangu siku hiyo daftari halikutoka nyumbani.

*

"Siendi," Marete alisema.

"Utakwenda."

"Nimwambie nini Njiru? Kwamba nilimwacha kama shati bovu, sasa nimerudi?"

"Hutamwambia kitu. Wewe huwa humwambii daktari kitu."

Hapo Karwirwa alimgusa palipo na kidonda, kwa maana Marete alikuwa na imani yake kuhusu waganga wa kila aina. Baba yake alimfundisha kwamba mganga wa kweli ndiye anayekuambia ugonjwa wako kabla hujafungua mdomo, na ukimwambia wewe, basi umemtibu yeye. Marete alikuwa Mmethodisti wa kubatizwa na mtu wa kusoma magazeti, lakini imani hiyo hakuiacha mlangoni pa kanisa wala pa hospitali. Akiulizwa na daktari mgeni anaumwa wapi, alijibu, "Wewe ndiye daktari." Hata vidonge alivitoa kwenye pakiti zao na kuvichanganya katika kopo moja la maziwa ya unga, kwa sababu pakiti zilikuwa na kelele.

"Mwalimu anachukuliwa Jumamosi ya wiki ijayo," Karwirwa alisema. "Mia mbili za kuonwa na Njiru hazitatuua. Vaa viatu."

Walipofika, Njiru hakuwalaumu. Alimwambia Marete avue shati, akamsikiliza mgongo na kifua kwa muda mrefu, akamshika shingo, akampima uzito na presha, akamtazama kucha. Alizitazama picha za eksirei dirishani, moja baada ya nyingine. Kisha akamimina kopo mezani. Vidonge vya rangi sita vikatawanyika.

"Hivi unavijua?"

"Cheupe ni cha asubuhi," Marete alisema. "Hiki cha njano nikikumbuka."

Njiru alitenga kile cheupe, akakigeuza kwa ncha ya kalamu akisoma herufi zake. Kisha akavuta daftari la kaki. Hakuanza mwisho. Alifungua katikati, akarudi kurasa tatu, akaenda moja mbele, kama mtu anayeingia nyumba aliyoijenga. Akalizungusha, akaliweka mbele ya Karwirwa.

"Soma hapo, Mama Kathambi. Mwandiko wangu ni mbaya lakini kalamu nyekundu utaiona."

Karwirwa alisoma polepole. Machi 2011. Mgonjwa amepewa enalapril ya presha wiki tano. Kikohozi kikavu. Imesimamishwa, kikohozi kimekwisha. Na chini yake, kwa wino mwekundu, maneno yaliyopigiwa mistari miwili: ASIPEWE TENA.

"Mwaka ule Kathambi alikwenda chuo," Karwirwa alisema. "Nakumbuka. Alikohoa mpaka nikampa asali."

"Hii nyeupe ndiyo ile ile," Njiru alisema. "Ni dawa nzuri. Watu wengi wanainywa na inawafaa. Wengine wachache inawakohoza, na mzee wetu ni mmoja wao."

Marete aliutazama ule mwandiko mwekundu kana kwamba umetukana ukoo wake. "Sasa hao madaktari watano wamesoma nini, ikiwa hawakujua?"

"Wamesoma kunipita mimi," Njiru alijibu. "Uliwaambia kwamba kuna dawa ilikukohoza?"

"Hawakuniuliza."

"Waliuliza," Karwirwa alisema. "Nilikuwa hapo. Waliuliza kama kuna dawa inayokukataa, na wewe ukasema hakuna."

"Nilitaka waone wenyewe!"

Alipomaliza kusema hivyo akashikwa na kikohozi, akakohoa mpaka machozi. Karwirwa alitaka kumpiga na kumkumbatia, hakujua lipi kwanza. Njiru alimpa maji, akangoja.

"Msiwalaumu," alisema. "Mtu anakohoa miezi saba, humjui, hakwambii kitu, picha haina kitu. Hata mimi ningemtafuta TB, ningetafuta saratani. Shida ni kwamba kila mmoja alianza ukurasa wa kwanza." Akaandika dawa ya zamani kwenye ukurasa mpya. "Hii nyeupe usinywe tena hata kimoja. Anza hii kesho asubuhi. Mimi si nabii, mzee. Nasema labda. Kikohozi hiki hakitoki kwa siku moja, kinaweza kuchukua wiki nne, hata zaidi. Tupeane wiki nne. Lakini ukitoa damu, ukipata homa au uzito ukizidi kushuka, usingoje. Na wiki nne zikiisha bado unakohoa, uende hiyo skani. Nitaandika barua kwa mkono wangu, nitasema nilikosea."

"Na tarehe ishirini na nane?"

"Hospitali haitahama. Waambieni wasogeze mbele."

Karwirwa alilipa mia mbili za kuonwa na mia tatu hamsini za dawa. Njiru akatoa ile kadi ya mchango mfukoni, akaitazama picha.

"Hii nitakaa nayo," alisema. "Tai imemkaa vizuri."

*

Kathambi alifika Jumamosi, amevaa viatu vya shule, hajala. Alikuwa amelia njiani na kujipaka poda.

"Mami, nani amepigia hospitali akaahirisha?"

"Ni mimi."

"Kwa sababu Njiru amesema? Njiru wa diploma? Mami, please. Yule wa hospitali ni consultant, daktari bingwa!"

"Consultant hamjui baba yako. Njiru anamjua."

"Kumjua si dawa!" Kathambi aliketi, akasimama tena. "Kama ni saratani, wiki nne ni nyingi. Unajua? Na baba akifa, unajua watu watasemaje? Watasema Karwirwa alimwacha mzee afe kwa sababu ya ng'ombe."

Marete, aliyekuwa chumbani akisikiliza kila neno, alijizuia kukohoa, akashindwa, akakohoa ndani ya mto. Karwirwa alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Aliendelea kuchambua, lakini sasa alitupa mazima na kubakiza mabovu. Binti yake alikuwa amesema kwa sauti kile alichokuwa akijiuliza yeye mwenyewe tangu Alhamisi. Je, anamwamini Njiru, au anampenda Mwalimu tu?

"Lete hilo daftari, liko kwa kiti," alisema mwishowe. "Wewe ni mwalimu. Soma."

Kathambi alisoma. Alisoma ule ukurasa mwekundu, kisha akarudi nyuma, akaendelea, kwa sababu asingeweza kuacha. Humo mlikuwa na mkono wa baba yake ulipokatwa na panga mwaka wa kahawa nyingi. Mlikuwa na malaria aliyopata alipokwenda msiba Kiambere. Pale ambapo presha ilipanda, Njiru alikuwa ameandika pembeni: Binti ameitwa chuo, mzee hajalala, karo.

"Hata hii aliandika," Kathambi alisema.

"Hata hiyo."

"Mimi naogopa, Mami."

"Mimi pia naogopa. Unadhani mimi nimefurahi? Nimeamua tu. Wiki nne. Zikiisha anakohoa, nitamfungua Mwalimu kwa mikono yangu, nimpeleke sokoni mwenyewe. Na maneno ya watu nitayabeba mimi, si wewe."

Kathambi alikula githeri ya mahindi na maharagwe sahani mbili. Alipoondoka alimuaga baba yake, akaingiza kichwa zizini kidogo, akaenda.

*

Wiki ya kwanza haikuleta lolote. Marete alikohoa kama kawaida, na kila alipokohoa Karwirwa alihisi neno la Kathambi likimchoma mbavuni. Alimpima uzito kwenye mizani ya kahawa, ile ya kuning'iniza, Marete akiwa ameshika ndoano juu ya kichwa na miguu imekunjwa, akilaani. Uzito ulikuwa ule ule.

Jumamosi Thuranira alikuja na kamba na kijana wa kuswaga. Marete alimuona tangu kwenye lango, akainuka, akatokomea nyuma ya migomba. Wakamsikia huko akikohoa kwa siri, kikohozi cha mtu aliyejiziba kwa shuka.

"Nimebadili nia," Karwirwa alisema. Akafungua kitambaa, akamhesabia elfu tano zake, noti zile zile. "Simuuzi."

"Mama Kathambi, mwenyewe nasikia mzee yuko huko anakohoa."

"Ni kweli. Anakohoa."

"Mwezi ujao itakuwa hamsini. Sikutishi, ni soko tu."

"Najua, mwanangu. Karibu uji."

Thuranira alikunywa uji, kwa maana hakuwa mtu mbaya, akaenda na kamba yake.

Kadi za mchango nazo zilimsumbua. Karwirwa alizunguka kuzikusanya, na hapo ndipo alipogundua kwamba kurudisha ni kugumu kuliko kuomba. Watu walimtazama kwa wasiwasi. Karani wa kiwanda aliuliza kama mzee ameshafariki. Igoki alikataa katakata.

"Kadi ya mgonjwa hairudishwi. Ni mkosi."

"Basi kaa nayo, Igoki, lakini usitoe hamsini."

"Hamsini nimeshatoa moyoni," Igoki alisema, na Karwirwa akacheka kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Wiki ya pili, Karwirwa alikuwa akikama mbuzi asubuhi alipogundua kwamba kuna kitu kinakosekana, hakujua ni nini. Alimaliza kukama. Ndipo alipokumbuka kwamba Marete alikuwa amekunywa chai yote bila kukohoa. Hakuthubutu kusema. Alipita mbele yake kwa vidole vya miguu kana kwamba kikohozi kimelala na kinaweza kuamka, na baada ya saa moja kikaamka kweli, mara tatu, kikalala tena. Wiki ya tatu kilikuwa cha jioni tu. Kathambi alipiga simu kila siku saa kumi akauliza, "Leo mara ngapi?" Mama akajibu mara nane, mara tano. Siku aliyojibu mara mbili, Kathambi alikata simu bila kuaga, na Karwirwa akajua kwamba analia.

Njiru alipompima tena alisikiliza mgongo, akaitazama presha, akaandika mstari mmoja daftarini. "Skani?" Marete aliuliza. "Ya nini?" Njiru alijibu, akawasha redio.

*

Jumapili ya wiki ya nne walifika kanisani mapema, wakaketi benchi lao la nyuma karibu na mlango. Wangeweza kurudi mbele, lakini Karwirwa alisema waliofukuzwa hurudi wakiitwa, na isitoshe, hewa ilikuwa nzuri kweli. Kathambi alikuwa amekuja kutoka Kaaga. Aliketi upande wa pili wa baba yake.

Mahubiri yalikuwa marefu. Yalipokwisha, mchungaji aliwaambia watu wainamishe vichwa, akaanza kuwaombea wagonjwa mmoja mmoja kwa majina. Alipofika kwa mzee Marete alinyamaza, kama alivyozoea, akimngoja akohoe amalize.

Kanisa likangoja. Nje kuku alilia. Mchungaji akangoja zaidi, akafungua jicho moja. Mbele watu walianza kugeuka, kwanza akina mama, kisha wazee, mpaka benchi zima la Igoki lilikuwa linatazama nyuma. Kulikuwa na wasiwasi katika nyuso zao, na Karwirwa akaelewa wanachofikiria. Aligeuka kumtazama mumewe.

Marete alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, kofia imeteleza magotini. Alipumua polepole, ndani na nje, bila kukwaruza popote. Kwa miezi saba hakuwa amelala hata saa mbili mfululizo, na sasa usingizi wote huo ulikuwa umemrudia kwa pamoja, mbele ya Mungu na mkutano mzima.

Mtu mmoja akacheka, akajiziba. Igoki alimkazia Karwirwa macho, akamwonyesha kwa kiwiko: mpige, mama, mpige aamke, aibu gani hii. Na kwa kweli ndivyo mke wa Githongo anavyofanya. Karwirwa mwenyewe alikuwa ameuinua mkono.

Akauangalia mkono huo, akautelemsha. Akaiokota kofia, akavua kitenge chake begani na kumfunika mumewe kifua. Kisha akamtazama mchungaji moja kwa moja, akampungia aendelee tu na maombi.